Mzee Tela na Kurasa Zilizobaki

Jina la Mzee Tela alipewa na madereva wenzake enzi zile alipokuwa akivuta tela mbili mahali ambapo wengine waliogopa kuvuta moja, na likamganda hata watu wa kwao wakaliacha lile alilopewa na wazazi. Mgongo ulipogoma, mwajiri alimkabidhi saa ya ukutani, akamshukuru mbele ya wafanyakazi, naye akarudi nyumbani kukaa. Kukaa ndiko kulikomshinda. Alikuwa akiamka alfajiri, anavaa viatu, anatoka hadi getini, anaangalia barabara, kisha anarudi ndani kuulizia chai.

Mkewe ndiye aliyemwambia aandike kitabu. Labda alimwambia kwa mapenzi, labda alichoka kumwona akizurura uani kama abiria aliyeachwa na basi. Nadhani yote mawili. Mzee Tela alijidai kukataa siku mbili tatu, halafu akatuma kununuliwa kalamu.

Waliandikia jikoni. Yeye alikaa upande huu wa meza, mkewe upande ule akichambua maharage au akitia shuka viraka. Kusimulia alijua, tena sana, lakini kumbukumbu yake ilikuwa imechakaa pamoja na mgongo. Aliandika kwamba breki zilikatika kwenye mteremko wa milimani, akaisoma kwa sauti, na mkewe akainua kichwa.

"Hazikuwa breki. Lilipasuka tairi la nyuma, na utingo wako akakimbilia porini."

"Una uhakika, bibie?"

"Wewe ulikuwa unaendesha. Mimi ndiye niliyesikiliza."

Na alikuwa amesikiliza kweli. Miaka yote ile Mzee Tela alirudi na safari mdomoni, akazimwaga zote mbele ya sahani ya chakula, akalala, akaondoka tena. Na kila alichokimwaga, mkewe alikiokota akakiweka. Ukitaka ukweli, kitabu kile kilitoka kichwani mwa mtu ambaye hajawahi kupanda lori hata kufika mji wa pili.

Mchapishaji mmoja mkubwa alikalia muswada mpaka ukapigwa vumbi, kisha akajibu kwa mistari miwili kwamba madereva hawasomi. Mzee Tela aliumia. Alishinda ameshika tama, chakula hakigusi. Kesho yake akapiga moyo konde, akasema yeye hajawahi kukaa kwenye matope akingoja mtu wa kumvuta, kwa hiyo atakichapisha mwenyewe.

Kujichapishia kitabu ni kuwa mwandishi, karani, mchukuzi na mchuuzi kwa mkupuo mmoja. Mchapaji aliyempata alikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya umeme, akiishi kwa kadi za harusi na vitabu vya risiti. Ndani mlikuwa na mashine iliyotikisa sakafu, kisu kirefu cha kukatia karatasi, na mama mmoja mnene aliyekunja kurasa kwa ubavu wa rula huku akilalamikia goti lake. Mzee Tela na mchapaji waligombana juu ya jalada, kwa sababu lori lililowekwa pale lilikuwa jipya, halina hata tone la matope, na Mzee Tela alisema hatabeba aibu hiyo mbele ya madereva. Alizisoma karatasi za majaribio tena na tena. Alikagua kila mto, kila kona, kila mzani wa kupimia magari. Mchapaji alimshauri atafute mhariri, naye akajibu kwa majivuno kwamba mhariri anaye nyumbani na hapitwi na kosa. Hapo ndipo alipopotea njia. Kuna swali moja ambalo mhariri yeyote wa kukodi angeliuliza akishasoma sura mbili tu, na mhariri wake yeye ndiye mtu pekee aliyeona haya kuliuliza.

Kitabu kikatoka. Vitabu alivibeba mwenyewe mpaka kwenye maegesho ya malori, na vingine akaviacha kwa mali kauli kwenye vibanda vya chai na maduka ya vipuri, wauze kwanza, wamlipe baadaye. Madereva, hao wasiosoma, walisoma. Walipokezana mpaka majalada yakalegea. Sura iliyowakuna zaidi ni ile ya mvua kubwa, daraja liliposombwa na malori yakakwama kingo zote mbili za mto, watu wakagawana biskuti na maji ya kunywa mpaka mto ulipopungua. Kuna waliomsimamisha njiani kumpa mkono kwa ajili ya sura ile tu. Kichwa kilimvimba, na nani angemlaumu?

Mkewe alikisoma polepole akiwa amejilaza, maana moyo ulikuwa umeanza kumsumbua na miguu ilikuwa ikivimba. Alipomaliza alisema ni kitabu kizuri, hakina kosa. Mzee Tela alitembea siku nzima kama aliyepandishwa cheo.

Aliyemfumbua macho ni binti yao, wa pili kuzaliwa na wa pekee aliyekua, aliyekuja kumuuguza mama yake. Alikimaliza kitabu, kisha asubuhi akamfuata baba yake uani.

"Baba, mama hayumo."

Mzee Tela akacheka. Hayumo vipi, na kila ukurasa umepita mikononi mwake? Akakitwaa kitabu ili amwonyeshe. Alianza kufunua kwa haraka, kisha taratibu, akilowesha kidole kwa ulimi. Utingo alikuwa na sura yake nzima. Fundi wa gereji aliyemdhulumu springi alikuwamo, ametukanwa vizuri. Alikuwamo hata paka aliyesafiri ndani ya boneti akateremka salama. Mahali alipomkaribia mkewe zaidi kuliko pote, alikuwa ameandika: nikafika nyumbani, nikala, nikalala. Chakula kilipikwa na nani, kitabu hakisemi. Na baada ya sura ya mwisho kulikuwa na kurasa kadhaa za matangazo ya kadi za harusi za mchapaji. Nafasi ya kadi za harusi ilipatikana. Mzee Tela alikifunga kitabu na hakuweza kumtazama binti yake usoni.

Akaingia chumbani. Mkewe alikuwa ameegemea mito, dirisha liko wazi. Mzee Tela akakaa ukingoni mwa kitanda, akaomba radhi kwa maneno mengi yaliyogongana, mpaka mkewe akamwekea mkono gotini ili anyamaze.

"Mbona hukuniambia?" akauliza. "Wewe uliona tangu mwanzo."

"Nilikuwa nakusubiri. Kila sura ikiisha nasema, labda hii inayofuata atafika nyumbani."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira, Mzee Tela angejua la kufanya nayo.

Siku hiyohiyo alikwenda kwa mchapaji, kwa kuwa vitabu vilikuwa vinaelekea kwisha na walishakubaliana kutoa toleo la pili. Alianza na matangazo, kwa ukali kidogo. Mchapaji akamweleza kwamba karatasi moja kubwa ikikunjwa huzaa kurasa kumi na sita, na kitabu kisipoijaza ile karatasi ya mwisho, kurasa chache hubaki tupu. Aliweka matangazo yake ili zisikae bure. Mzee Tela akasema anazitaka kurasa hizo, kuna mtu amemsahau. Mchapaji hakuwa mtu mbaya. Akasema ni zako, mzee wangu, andika tu, mashine itakungoja.

Basi akakaa mezani na kalamu yake. Aliandika kwamba mkewe alikuwa mwanamke mvumilivu, akaikata, kwa kuwa hayo huandikwa juu ya mke wa mtu yeyote. Akaandika kwamba alipika vizuri, akaikata na hiyo. Alijua mkewe alivyokuwa siku za yeye kurudi: nguo safi, maji ya kuoga tayari, uso wenye furaha. Siku nyingine zote, ambazo ndizo zilizokuwa nyingi, hakujua alizifanyia nini. Mashimo ya barabara aliyajua yote kwa moyo, lakini hakujua bati la jiko lake mwenyewe lilibadilishwa lini.

Akarudi chumbani na karatasi zake. Alipoeleza amekuja kuuliza, mkewe alifurahi waziwazi, akajiinua, akataka mto mwingine. Habari ya bati akamsimulia yote. Upepo uliezua jiko mchana kweupe, fundi akasema yuko mbali, basi akafunga kanga kiunoni akapanda mwenyewe na nyundo, jirani akimshikia ngazi na kumlilia kana kwamba ameshakufa. Akapigilia bati zima, kisha akagundua ameliweka juu chini, akalibandua, akaanza upya. Walicheka wote wawili mpaka binti akaja kuchungulia mlangoni. Mzee Tela aliandika kila neno, na ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa mbele ya mkewe muda wote huo bila kusimulia lolote la kwake.

Akajikaza, akaliuliza lile alilokuwa akilizunguka. Mtoto wao wa kwanza, wa kiume, alikufa kwa homa kabla hajaanza kutambaa. Mzee Tela alikuwa safarini, na aliporudi alionyeshwa kaburi.

"Siku zile za mtoto," akasema, "zilikuwaje?"

Mkewe aligeukia dirisha.

"Uliporudi hukuniuliza. Ulikaa pale mlangoni, ukalia. Ulipomaliza kulia ukanisimulia mto ulivyosomba daraja."

Mzee Tela aliweka kalamu chini. Si kwamba hakujua. Alijua, lakini kwa miaka mingi alikuwa ameiweka mvua huku na kaburi kule, mpaka vikawa kama mambo ya miaka miwili tofauti. Sura ile waliyoipenda madereva, aliyopewa mikono kwa ajili yake, ilihusu siku zilezile mwanawe alipokuwa akifa. Na mkewe ndiye aliyemsahihishia. Alikaa pale mezani na maharage yake, akamwambia hapana, mto haukupungua Jumatano, ulipungua Ijumaa. Na sauti haikumtetemeka. Mzee Tela alipoikumbuka ile sauti, machozi yalimtoka mbele ya mkewe, naye hakuyazuia.

"Nisimulie," akasema.

"Nitakusimulia. Leo nimechoka. Niache kwanza nipate nguvu."

Nguvu alizipata kidogo, hata akatoka uani kuota jua, ila jambo lile hawakulirudia. Mzee Tela aliogopa kumharakisha. Alijiambia kwamba mkewe amemngoja yeye maisha yote, kwa hiyo na yeye anaweza kungoja. Mkewe alifariki asubuhi moja huku binti yao akimsuka nywele. Mzee Tela hakuwapo, alikuwa kwenye duka la vipuri akikusanya vitabu alivyokuwa ameviacha. Aliporudi alikuta watu wamejaa uani, na kwa mara ya pili habari za nyumba yake akaambiwa na wengine.

Mchapaji alikuja mazikoni, akakaa nyuma, akaondoka bila kutaja kazi. Alingoja sana ndipo akauliza habari za zile kurasa. Mzee Tela alikuwa na habari ya bati na nyundo tu, haikujaza hata ukurasa mmoja. Binti akamsihi aiweke hiyohiyo, kwamba angalau mama atakuwamo. Akakataa. Alisema wasomaji wakiisoma ile peke yake watacheka, watafunga kitabu, na kila mmoja atadhani amemjua. Mchapaji akauliza kama arudishe matangazo, na Mzee Tela akamwambia aziache kurasa tupu, asitie hata namba chini yake. Mchapaji alionya kwamba wanunuzi watadhani ni kasoro ya mashine. Mzee Tela akasema wadhani.

Wakadhani kweli. Siku moja dereva mmoja alimfuata kwenye maegesho, akamwamkia kwa adabu, akamfunulia kurasa za mwisho. Alisema kitabu kimemfurahisha mno, hasa ile ya mvua, lakini chake kina kasoro, anaomba abadilishiwe.

"Hakina kasoro," Mzee Tela akasema. "Hapo ni pa mke wangu. Alikuwa anisimulie, hatukuwahi."

Dereva akampa pole. Hakutaka kuondoka hivihivi, basi akauliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Mzee Tela akasitasita, halafu akamsimulia lile bati: kanga kiunoni, jirani kwenye ngazi, bati likawekwa juu chini, akalibandua akaanza upya. Dereva akacheka mpaka akashika mlango wa lori. Akasema kumbe mama alikuwa mtu na nusu, mzee amwongezee nyingine kabla hajaondoka.

"Sina nyingine," Mzee Tela akasema.