Kitabu Kilichotekwa na Mtani

Nilifeli mtihani wa leseni ya ufamasia kwa alama chache, nikarudi nyumbani Tabora kujiandaa upya. Wiki mbili nzima nikatengeneza ratiba. Nilipaka saa za kusoma rangi ya kijani, kisha nikakaa nikiwaza kama kijani hakileti usingizi. Kitabu sikukifungua. Siku ya mwisho ya kujiandikisha ilikuwa inakaribia, nami nilishaanza kutunga maneno ya kumwambia mama kwamba ni busara kusubiri mwaka mwingine.

Jirani yetu ni fundi cherehani, Mzaramo aliyeolewa na mtu wa reli. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu. Asubuhi moja alipita barazani kwetu, nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaitazama ratiba, akachukua kitabu na kukitia kwenye mfuko wake wa vitambaa.

"Babu zako walibeba pembe mpaka kwetu pwani kwa miguu," akasema. "Wewe kitabu kimoja kimekushinda."

Kitu kikitekwa na mtani huruhusiwi kukidai kwa hasira, unakikomboa kwa kutoa anachotaka. Nilidhani atataka kuku. Akataka nimweleze ukurasa mmoja kila siku, yeye akishona.

Nilianza na dawa za bakteria zisizopatana na maziwa. Nikaeleza kisomi, akasimamisha cherehani.

"Mtani, mgonjwa wako keshakufa. Anza upya."

Mara ya tatu nikasema madini ya maziwa huing'ang'ania dawa tumboni, isiingie kwenye damu. Cherehani ikaendelea. Kisha akauliza, mgonjwa akae muda gani kabla ya chai ya maziwa? Sikujua. Nikamwomba kitabu nitazame, na kwa mara ya kwanza tangu nifeli nilikuwa na hamu ya kusoma.

Siku ya mwisho ya kujiandikisha nilimkuta akipiga pasi. Nikamweleza hofu zangu zote kwa mpangilio: nikifeli tena watu watasemaje, nikipata swali la hesabu itakuwaje. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ukifeli nitakucheka mpaka watu wa kituo cha Igalula wanisikie," akasema. "Usipofanya, nitamcheka nani?"

Nilijiandikisha palepale kwa simu. Hakunipongeza. Alinisogezea kigoda, akasema leo anataka habari za dawa za presha, maana mumewe anazimeza tu na haulizi.