Alama Ndani ya Kola

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, mtaa mzima unamwita Mama Kola, na jina hilo hakulipata bure. Mpe kitambaa kilichokatwa ovyo, cherehani yenye mkanda uliolegea na taa inayozimazima, atakutolea kola ya shati iliyosimama wima, ncha zote mbili zimelingana, hata ukiipima kwa rula huoni kasoro. Nayasema haya mapema kwa sababu yanayofuata si mazuri, na sitaki mtu aje aseme nina wivu. Wivu ninao, lakini si wa kola.

Tulikuwa tunashona kwenye kiwanda kimoja, yeye mbele, mimi cherehani ya nyuma yake. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, ndoa yangu ilipovunjika nikaja kuishi kwao na binti yangu. Alinichapa vidole kwa rula mpaka nikajua. "Wifi, kola si mdomo wako, haiendi kila upande," alikuwa akinitania mbele za watu, na mstari mzima unaangua kicheko. Mimi namjibu kwamba kaka yangu angejua ana ulimi ule angeoa cherehani. Tulipendana, ndiyo, tena sana. Na kiwandani pale kulikuwa na utaratibu wao: kila mshona kola ana alama yake. Ukimaliza kola unapiga mishono michache kwa ndani, pale ambapo lebo itafunika, ili shati likirudishwa na kasoro wajue nani wa kukatwa mshahara. Alama yake ilikuwa msalaba mdogo. Yangu mistari miwili. Ukishazoea, huifikirii tena alama yenyewe, mkono unaipiga wenyewe.

Hali ilipoharibika, kiwanda hakikutuaga. Tulifika asubuhi tukakuta geti lina mnyororo, na mlinzi aliyekuwa akitutania kila siku anatutazama kama watu asiowajua. "Mashati hayanunuliwi," akasema. "Watu wanavaa ya mwaka juzi. Rudini nyumbani." Haikupita muda kaka yangu naye, dereva wa lori, lori lake likaegeshwa kwa kukosa mzigo. Alirudi na mto wake wa kulalia tu, akaketi kwenye kochi, na pale kwenye kochi ndipo binti yangu alipokuwa akilala.

Kaka hakunifukuzia mtoto. Hapana, si mtu wa hivyo. Alikaa tu. Kila usiku alikaa pale na redio yake mpaka mtoto anasinzia kwenye kiti huku shingo imening'inia, naye haoni. Nikaelewa. Nikamfungia mwanangu nguo zake kwenye begi nikampeleka kwa mama yangu, mbali, na njiani nikamwambia, "Nikipata kazi tu, nakufuata." Akaniuliza kazi ninapata lini. Nikamwambia karibuni. Akaniamini, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Basi tukawa kiguu na njia, mimi na wifi. Hoteli moja ilitafuta wafuaji nguo. Mama aliyetupokea alituuliza umri kabla hata ya kujibu salamu, akatutazama miguu, akasema nafasi zimejaa. Duka la sare za shule walisema sawa, leteni cherehani zenu, na sisi cherehani hatuna, tumeshona siku zote kwenye za wenyewe. Fundi mmoja wa barazani alicheka mpaka akatoa pini mdomoni asije akaimeza. "Dada zangu," akasema, "mimi mwenyewe natafuta wa kuniajiri." Jioni wifi anatia miguu kwenye beseni la maji, anaanza kuwaigiza mmoja mmoja, yule wa hoteli, yule wa sare, na mimi nacheka mpaka kaka anafoka kwamba hatumwachii asikilize redio. Kulikuwa na njaa nyumba ile, lakini kicheko hakikuisha.

Ndipo tukasikia kuna kiwanda kipya cha mashati, nyuma ya maghala ya nafaka, wanachukua watu kwa majaribio. Jamani, foleni! Wanawake wamefunga vitambaa vichwani, wanaume wenye mikasi yao mifukoni, kila mtu anamwangalia mwenzake vidole. Walituingiza kwa makundi, wakatubandika namba vifuani, wakatukalisha kwenye cherehani. Mbele yako rundo la vipande vya kola vilivyokwisha kukatwa. Shona mpaka saa sita mchana. Hakuna maji, hakuna kuzungumza. Saa sita msimamizi anapita, anainua kola yako, anaikunja, anaitikia kwa kichwa. "Vizuri sana. Acha namba yako ya simu. Tutakupigia."

Tulirudi roho juu. Simu yetu ni moja ya nyumba nzima, na wifi aliiweka dirishani penye mtandao, akamkataza kaka asiiguse. Ikalia siku chache baadaye. Wanatuita jaribio la pili! Tulikumbatiana pale jikoni, eti tumepita mchujo. Tukaenda, tukashona kola, tukaacha namba. Wakatuita tena, la tatu, tukashona kola, tukaacha namba. Mimi nilikuwa nimeshampigia mama kumwambia amwandae mtoto. Wajinga ndio tulikuwa sisi. Ila wajinga wenye bidii, maana mshonaji ukimwambia anajaribiwa, anashona kuliko anavyoshona akilipwa.

Siku moja tunapita sokoni, mchuuzi anapiga kelele, mashati mapya, mapya kutoka kiwandani. Wifi hawezi kupita shati bila kulishika kola, ni ugonjwa wake. Akalishika. Akalitazama. Akatia kucha chini ya lebo, akaibandua, mchuuzi akaanza kumtukana, yeye hasikii. Msalaba mdogo. Akalichukua lingine, msalaba. La tatu, akaninyooshea. Mistari miwili.

"Wametushonesha bure," akasema. "Wifi, watu wote wale wa foleni. Hawaajiri mtu. Kila siku wanaingiza kundi jipya, wanashonesha bure, wanasema tutakupigia."

Nilitaka twende saa ile ile nikasimame getini niwatoe kasoro mbele ya foleni nzima. Mdomo ninao, si mnaujua. Lakini wifi akanunua shati lile kwa hela ya mboga, akalikunja, akalitia kwapani. "Niachie mimi," akasema. "Wewe ukienda utapiga kelele watakutoa. Mimi nitaenda na ushahidi."

Akaenda asubuhi yake. Nilimsubiri kutwa nzima, nikitembea kutoka mlangoni mpaka dirishani. Alirudi jioni bila shati, amevaa koti la buluu la kazini, jipya, mikunjo ya pasi bado inaonekana.

"Nimepata kazi," akasema.

Kaka aliruka kutoka kwenye kochi. Sikujua kama bado anaweza kuruka. "Kazi gani?" nikamuuliza mimi.

"Ukaguzi. Nakagua kola."

"Na lile shati? Na watu?"

Akavua lile koti, akalitundika kwenye msumari, taratibu. "Nimekuombea na wewe, wifi. Jumatatu njoo, ukae kwenye cherehani kama wenzako. Ni utaratibu tu. Mkaguzi si ni mimi?"

Hapo ningeuliza tena. Hata mtoto mdogo angeuliza tena. Lakini masikio yangu yalikuwa yameshasikia nililotaka, na nililotaka ni moja tu, mwanangu alale tena chini ya paa ninalolala. Nikachukua simu nikampigia. "Funga begi lako," nikamwambia, "mama amepata kazi." Nilimsikia akikimbia kumwambia bibi yake, simu kaiacha wazi, na mimi nikabaki nacheka peke yangu. Wifi alikuwa jikoni, amenipa mgongo, anachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Jumatatu wakanibandika namba saba. Wifi yangu alikuwa mbele ya chumba, mikono nyuma, koti la buluu limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Nikamkonyeza. Hakunikonyeza. "Namba saba, angalia kazi yako," akasema kwa sauti ambayo sijapata kuisikia nyumbani. Nikasema moyoni, anaficha udugu, ana akili wifi yangu. Nikainama nikashona. Nilishona kama aliyenifundisha yuko nyuma yangu na rula, na kweli alikuwepo.

Saa sita akaanza kupita. Alipofika kwangu alichukua kola ya juu ya rundo, akaigeuza, akaitazama kwa ndani. Mistari miwili. Mkono wangu ulikuwa umeipiga wenyewe. Akatoa kiwembe kwenye mfuko wa koti lake akaifumua alama ile pale pale, mshono mmoja mmoja, kwa utulivu, bila kukwaruza kitambaa. Akachukua ya pili akaifumua. Ya tatu. Wenzangu wote wanasubiri. Nilimtazama vidole, vile vile vilivyonichapa.

"Hapa kwetu hatuweki alama," akasema. Akazipanga kola zangu juu ya rundo la zilizopita. "Kazi nzuri, namba saba. Acha namba yako ya simu. Tutakupigia."

Namba yangu! Simu anayoiweka dirishani yeye mwenyewe. Msichana aliyekaa karibu na mlango akaninyooshea kalamu na kipande cha karatasi, na watu wako nyuma yangu wananisukuma, nikaiandika. Naapa niliiandika, tarakimu zote, kwa mwandiko mzuri.

Jioni nilimbana jikoni. Nilifunga mlango nikasimama nao mgongoni.

"Ulijua?"

"Nilijua." Hakunidanganya, hilo nampa. Alikuwa anamenya kitunguu, hakuinua kichwa. "Nilimwekea lile shati mezani, mwenye kiwanda. Akaniuliza hii alama inajulikana na nani. Nikamwambia kila mshonaji wa kile kiwanda cha zamani ana yake. Akafikiri kidogo, akasema basi wewe ndiye utakayezitoa. Akanipa koti."

"Na mimi kwa nini uliniita?"

"Kundi la wiki iliyopita liliharibu kitambaa. Alitaka wenye mikono. Nikamwambia najua mmoja."

Nilimtukana. Nilimwita kila jina, na mengine nikayatunga. Kaka alibisha mlango akiuliza kuna nini, wote wawili tukamwambia hakuna kitu. Nikamwambia wifi kwamba mimi ningekuwa yeye ningemwambia.

"Ungeniambia," akasema, "kisha kesho asubuhi tungekuwa wote wawili kwenye foleni, na kaka yako kwenye kochi. Nani angeleta unga?" Akanitazama sasa. Macho yalikuwa mekundu, na sikujali kama ni ya kitunguu au ni ya nini. "Vumilia. Wakiongeza mtu wa pili wa kufumua, nitakutaja wewe kwanza."

Ndipo simu ikalia dirishani. Wifi alikuwa karibu nayo zaidi, lakini hakuigusa, nikapita mbele yake nikaipokea.

"Mama," mwanangu akasema, "begi nimelifunga. Bibi ananiambia nilifungue nivae nguo zangu, mimi nimekataa, zisije zikachafuka. Unakuja kesho?"

Nikamwambia si kesho. Nikamwambia kazini wamesema watanipigia kwanza. Akaniuliza kwa nini nisiwapigie mimi. Nikamwambia alale, na avae nguo zake, zikichafuka nitazifua mimi. Wifi alikuwa anasikia yote. Alipakua chakula, akaniwekea kingi kuliko chake, na mimi, Mungu anisamehe, nilikila chote.

Jumatano alinigongea mlango mapema, amekwisha kuvaa koti. Hakuingia. Alisema kuna oda kubwa, wanachukua kundi lingine la majaribio, na safari hii labda, labda, watabakiza mtu mmoja. Alikuwa anatazama miguu yangu anaposema. Alijua kwamba najua. Nilimchukia kwa moyo wangu wote, nikavaa viatu, nikamfuata nyuma mpaka getini, na pale getini akapita mlango wake na mimi nikapanga foleni.

Namba saba tena kifuani, nilishona kola nzuri siku ile kuliko zote nilizopata kushona. Alama sikuweka. Mkono ulitaka, nikauzuia. Wifi alipofika mezani kwangu aligeuza ya kwanza, kiwembe tayari mkononi, akaigeuza ya pili, ya tatu, hakukuta cha kufumua. Akarudisha kiwembe mfukoni, akazichukua kola zangu, akaenda kwa namba nane.