Ukoka Alioupanda Baba

Wiki iliyopita kirikuu ilisimama getini kwangu, hapa Engutoto, imejaa vipande vya ukoka. Kama hujawahi kuviona, ni majani yaliyokatwa pamoja na udongo wake, mraba mraba. Unavipanga chini kama zulia, unamwagilia, uwanja unakuwa kijani siku hiyo hiyo. Fundi bustani akashusha cha kwanza, akaniuliza, "Mama, tuanzie wapi?" Nikamwambia popote. Halafu harufu ya ile mizizi iliyokatwa ikanifikia. Niliingia ndani nikakaa jikoni, mikono mapajani, na kwa muda sikuwa mwenye nyumba tena. Nilikuwa na miaka kumi.

Nisikuzungushe. Mwaka ule mama alifariki, katikati ya masika. Tulikuwa tunaishi juu huko Meru, kwenye kahawa na migomba. Watu walikuja wengi kuzika, na mvua haikukatika. Walipoondoka, uwanja wetu, ambao mama alikuwa anaufagia kila asubuhi mpaka unabaki na mistari ya fagio, ulikuwa tope tupu, nyayo za viatu, majivu ya kuni na maganda ya ndizi. Nililitazama tope lile na sikulia. Majirani wakasema mtoto huyu ana moyo mgumu. Haikuwa hivyo, rafiki yangu. Nilikuwa tu sisikii kitu, kama mguu ulioukalia ukafa ganzi.

Baba naye aliacha kuongea. Hakununa, aliitikia shikamoo, alisali kabla ya chakula, basi. Alikuwa mtunza bustani kwenye nyumba moja kubwa huko chini karibu na lami, na siku hizo mwenye nyumba alikuwa anafumua bustani yake achimbe bwawa la kuogelea. Ukoka wote ulikuwa wa kutupwa. Jioni moja baba akapandisha mlima akisukuma toroli limejaa vipande, tope mpaka magotini. Akavimwaga mbele ya nyumba. Kesho yake tena, na kesho kutwa.

Bibi, mama yake baba, alitoka jikoni na mwiko wa loshoro mkononi.

"Umeleta majani ya ng'ombe?"

"Si ya ng'ombe."

"Ya nani sasa?"

Baba alichukua reki akaanza kusawazisha lile tope.

Kazi ikawa yetu wawili. Nikitoka shule navua viatu, nachukua kipande, nakikumbatia maana kilikuwa kizito, nampelekea. Yeye anapiga magoti, anakilaza, anakisogeza mpaka kibanane na mwenzake. Mimi najaza udongo kwenye nyufa na kukanyaga kwa miguu mitupu. Udongo ulikuwa wa baridi sana. Baadaye nateka maji mferejini kwa ndoo, namwagilia kwa kopo. "Leta." "Kanyaga hapa." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya siku nzima. Bibi alikuwa anatuwekea loshoro kwenye bakuli moja, na tuliila tumekaa ukingoni mwa toroli, mahindi na maziwa yale ya mgando, huku kwaya ya kanisani ikifanya mazoezi ng'ambo ya korongo. Wimbo mmoja ule ule. Walikuwa wanaukosea mahali pale pale.

Jumamosi ya tatu shangazi akaja kutoka Ngaramtoni. Usimfikirie vibaya. Ukoo ulikuwa umekaa ukaona mtoto wa kike hawezi kubaki na mwanamume na kikongwe, na yeye ndiye aliyekubali kunichukua. Alikuja na begi tupu la nguo zangu. Bibi alikuwa ameshazikunja, ziko kitandani. Mimi nilikuwa nimesimama na kipande kifuani, nikasikia yote, na nikuambie ukweli: sikutaka kwenda wala sikutaka kubaki. Nilikuwa nasubiri tu kuambiwa pa kukiweka.

"Kaka, nimekuja kumchukua mtoto," alisema shangazi. "Tulishaongea."

Baba hakuinua kichwa. "Hatujamaliza."

"Hamjamaliza nini?"

"Kazi. Bado mistari minne."

"Sawa, nitasubiri mmalize."

"Ikiisha kuna kumwagilia," baba alisema. "Asubuhi na jioni. Akiondoka huyu, nani atamwagilia? Nani..." Akainama, akaendelea kukibonyeza kipande ambacho kilikuwa kimeshakaa vizuri, anakibonyeza tu, kwa mikono miwili.

Shangazi akavua viatu, akafunga kanga yake vizuri, akachukua kipande. Tukafanya kazi watu watatu mpaka mstari ule ukaisha. Jioni akarudi Ngaramtoni peke yake.

Ningependa kukuambia kwamba nilimkimbilia baba nikamkumbatia. Sikumkimbilia. Yeye akasema, "Leta kingine," nami nikaleta.

Ukoka ulishika vizuri upande wa juu. Wa chini ulikauka kiangazi, maana maji yakipungua zamu yetu ya mfereji ilikuwa mara moja kwa wiki na kahawa ilitangulia kunywa. Siku moja nilimkuta bibi, yule yule wa majani ya ng'ombe, amebandua kipande cha pale mlangoni, kizuri kuliko vyote, anakibeba taratibu kwenda mgombani, kwenye kaburi la mama. Akakilaza juu, akakishindilia kwa kisigino. Alipoona namwangalia akasema, "Usimwambie baba yako." Sikumwambia. Baba aliliona pengo, bila shaka. Alilijaza kwa kipande cha pembeni, akaenda kunawa mikono.

Siku hizi baba na bibi wamelala pamoja na mama. Baba mdogo amejenga vyumba vya kupangisha pale uwanjani na kumwaga zege mpaka ukutani. Makaburi yote matatu ameyapiga vigae vyeupe. Yanang'aa, yanafutwa kwa tambara. Mfereji umeingizwa kwenye bomba, hausikiki tena.

Mara ya mwisho nilipokwenda, nilisimama kwenye zege lile nikijaribu kukumbuka ile mistari minne ilipita wapi. Mpangaji mmoja, msichana, alikuwa anaanika nguo.

"Shikamoo mama. Unamtafuta nani?"

"Marahaba," nikamwambia. "Simtafuti mtu."

Akaniangalia kidogo, akaendelea kuanika.