Siku Niliyomrudisha Anaeli

Asubuhi moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila ikinijia huacha kwanza ninachofanya. Ilikuwa msimu wa kahawa, enzi za Mwingereza, na ukungu wa Mlima Meru ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Nilisimama mlangoni mwa banda la kuchambulia kahawa, katika shamba la mzungu mmoja upande wa Usa River, filimbi shingoni na daftari la majina mkononi. Mbele yangu alisimama rafiki yangu Anaeli, miguu imelowa umande, akihema.

Kabla sijakwambia nilimjibu nini, ngoja nikueleze tulivyokuwa.

Tulikuwa wanawake thelathini hivi, wengi wetu tukishuka kwa miguu kutoka Akheri. Tulikaa kwenye meza ndefu tukitoa punje mbaya: nyeusi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu. Ukiitazama utasema ni kazi ya kitoto. Lakini punje chache zilizooza huharibu harufu ya gunia zima, na macho huchoka kabla ya mikono. Nilipofika sikujua lolote. Anaeli ndiye aliyenifundisha. Tulikuwa tumepata kipaimara siku moja, basi akanikalisha ubavuni pake akasema, "Usizifukuze kwa macho. Ziache zipite chini ya vidole, mbaya itajisema yenyewe."

Na tuliimba, mwanangu. Nyimbo za kanisani, nyimbo za arusi, kwa Kimeru na kwa Kiswahili, tukisimuliana habari za mawifi na wakwe, na mikono haisimami. Adhuhuri tulikunywa loshoro, yale mahindi na maziwa ya mgando, kutoka kibuyu kimoja. Palikuwa na mama mmoja mtu mzima, Mama Ndetaramo, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Anaeli akimaliza ungo wake wa kahawa alinyoosha mkono akavuta nusu ya ungo wa yule mama, bila kuombwa, bila kukatisha wimbo.

Kisha bwana mwenye shamba akanifanya nyapara, kwa kuwa nilisoma shule ya misheni na nilijua kuandika. Aliniambia anataka kazi iende mbio. Hakuniambia nikataze nyimbo. Hilo nililitunga mwenyewe. Niliwatenganisha marafiki. Aliyeinua kichwa nilimpulizia filimbi. Nilipomwona Anaeli akivuta ungo wa Mama Ndetaramo nikasema mbele ya wote, "Kila mtu na ungo wake." Mimi, ambaye mwaka mmoja nyuma nilikuwa nikisaidiwa vilevile. Mwanangu, cheo kipya ni kama pombe changa, hakimleweshi aliyekizoea.

Sasa ndipo ilipokuja asubuhi ile. Anaeli alikuwa amechelewa siku mbili mfululizo, na hii ilikuwa ya tatu.

"Naomba nikuambie neno moja," alisema.

"Kengele imeshalia," nikamjibu, "na kengele haina masikio. Rudi nyumbani. Jina lako nimelifuta."

Alinitazama kidogo, akajifunga kanga yake vizuri, akageuka akaifuata njia ya mlimani. Waliokuwa ndani waliona yote. Mimi nilijiona mkubwa siku nzima.

Tangu hapo banda likawa kimya, kama nilivyotaka. Mikono ilikwenda nilipotazama, ikalala nilipogeuka. Mama Ndetaramo hakuja tena. Wiki chache baadaye magunia yetu yakarudishwa kutoka kwa wanunuzi wa Moshi, kahawa inanuka. Bwana akasema, "Hawa wanawake ni wavivu. Wafukuze wote, tafuta wengine." Nami nilikaribia kuitikia.

Nikaenda kwa Mzee Ramadhani, fundi wa mashine ya kukoboa, mtu wa Kondoa aliyezeekea shambani pale. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza uvivu wa wale wanawake. Aliitikia marahaba, akasikiliza huku akifuta grisi mikononi.

"Binti, mashine hii ikibadili mlio, mimi hufanya nini?"

"Unaizima, unasikiliza."

"Naizima. Na ni chuma tu, haina mama wala mtoto. Anaeli hakuwahi kuchelewa tangu aje hapa, kisha akachelewa siku tatu. Wewe ulisikiliza?"

Nikaishika filimbi iliyokuwa shingoni.

"Ukubwa ni jaa, binti yangu," alisema. "Kila mtu atakuja kutupa lake kwako. Kama hutaki kutupiwa, waachie wengine."

Jumapili, baada ya ibada, nikapanda Akheri. Nyumba ya kina Anaeli ilikuwa imefungwa. Jirani yake aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe ndiye aliyenipa habari. Mama yake Anaeli alikuwa mgonjwa wa kuoshwa na kulishwa, na Anaeli hakuweza kutoka kabla jirani huyu hajaja kumpokea. "Siku ile alikuwa anakuja kukuomba umruhusu aingie kwa kuchelewa," aliniambia, "afidie jioni." Mama alikuwa amekwishazikwa. Anaeli alikuwa amemfuata shangazi yake Tanga, kwenye mashamba ya mkonge.

Jumatatu nilisimama mbele ya wenzangu nikawaomba radhi. Nikamwambia bwana kosa ni langu, asimfukuze mtu. Alikasirika, ila akatuacha tumalize msimu. Nikamwendea Mama Ndetaramo kwake nikamrudisha, nikaketi karibu naye, nikawa navuta nusu ya ungo wake. Nyimbo hazikurudi siku hiyo wala kesho yake. Zilirudi polepole, na kahawa ikawa safi, hakuna gunia lililorudi tena.

Lakini Anaeli hakurudi. Nilimtumia salamu za kuomba msamaha kwa mtu aliyekuwa akienda Tanga. Baada ya muda mrefu likaja jibu: "Mwambie nimesikia." Basi, hayo tu. Mpaka leo sijui kama nilisamehewa. Nimekuwa na watoto, nimekuwa na wajukuu, na bado nikisikia wanawake wakiimba kazini huitafuta sauti yake katikati yao.

Mwanangu, nasikia nawe umewekwa juu ya wenzako ofisini. Dai kazi, maana kazi ndiyo iliyowakutanisha. Lakini aliyekuwa hodari akilegea, muulize kabla hujamhukumu, na umuulize kwa faragha. Usiwakataze watu kusaidiana ukaita hiyo nidhamu. Na ukikosea, sema mapema. Majuto ni mjukuu, na mimi wangu nimemlea muda mrefu.

Mungu akupe masikio kabla ya sauti. Akubariki mikononi mwako na mikononi mwa unaowaongoza. Na wale utakaowakosea, maana utakosea, akukutanishe nao wakiwa bado karibu.