Sahan Aliyechora Katuni

Siku ile naikumbuka, mwanangu, jua likiwaka tu inanirudia. Ndevu zangu zilikuwa nyeusi bado. Nilikuwa na ngamia niliowapata kwa jasho langu, bila baba, bila shule, na ukame ulikuwa umetubana huko Tarbaj.

Ahmed, mtoto wa kaka yangu, aliishi Garissa. Kazi yake ilikuwa kutunga hadithi za katuni, na programu za simu aliziandika mwenyewe. Akaja kambini, akanipa simu mbele ya wazee. Ndani kachorwa ngamia mwenye mdomo wa dharau, anatembea kisima hadi kisima. Wafugaji wakituma habari, mchoro unabadilika wenyewe. Penye kisima tulichokusudia kuhamia, upande wa Eldas, ngamia yule kalala, ulimi nje.

"Kimekauka, adeer," akaniambia, yaani ami yake.

"Nani kakiona?"

"Watu wawili wametuma jana."

"Unawajua baba zao?"

Akatikisa kichwa kukataa.

"Sisi tunatuma sahan, mtu mwenye miguu, ayaone maji kwa macho yake. Wewe unaniletea katuni. Mimi ni mtoto?"

Wazee wakacheka. Leo nasema ukweli: kusoma sijui, na yeye alichora ili nielewe. Hilo ndilo lililoniuma.

"Basi nitakuwa sahan wako," akasema. "Miguu ninayo."

Sikumzuia. Nilimpa dumu dogo la maji. Kubwa niliwawekea ngamia.

Siku ya tatu tukamfuata. Pikipiki aliyoondoka nayo tuliikuta imekufa njiani, na mbele yake nyayo, zimekwenda kisimani kisha zinarudi kwetu. Ahmed alikuwa chini ya kichaka, dumu tupu kifuani. Tulimzika hapo hapo. Kisima kilikuwa vumbi, kama alivyochora.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia la mdogo, na guu lililovunjika halikuwa langu.

Sasa wewe, mwanangu, umekuja kuniambia unataka kuchora katuni na kuandika programu. Fanya. Tutakucheka, tuache tucheke. Wanaokutumia habari waulize majina na baba zao, hapo sikukosea. Chora mpaka mzee asiyesoma aelewe. Lakini usiende kufa jangwani ili kumridhisha mjinga mwenye ndevu. Akikataa, mwache na kiu yake.

Mungu aupe mkono wako uthabiti, na akukutanishe na wazee wanaojua kunyamaza na kutazama. Amin.