Mkono Usiomgusa Mkwe

Mimi ni mtu wa Pito, huku Ufipa, nimekulia kwenye mahindi na ulezi, na maji niliyoyajua utotoni ni ya ndoo. Kwa hiyo nilipowaambia ndugu zangu wa Sumbawanga mjini kwamba najifunza kuzamia Ziwa Tanganyika na mtungi wa hewa mgongoni, walicheka mpaka wakashika mbavu. Walipojua anayenifundisha ni baba mkwe, kicheko kikakatika. "We mwanamke una wazimu," dada yangu akasema. "Utamshikaje mkweo?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kwetu sisi mke wa mtoto hamgusi baba mkwe, hamkazii macho, hata kiti alichoinukia hakikalii. Na kuzamia ni kazi ya wawili. Mnakaguana mikanda, mnasomeana geji za hewa, mnatazamana machoni kwa sababu chini huko hakuna maneno. Lakini mzee alikuwa amewaongoza wageni kuzamia kwenye hifadhi ya samaki ya ziwani miaka mingi, nguvu zinamwishia, na wanawe wote, mume wangu akiwemo, wanapenda malori kuliko maji. Mimi ndiye niliyeomba. Niliwahi kuinama pembeni ya boti nikayatazama mawe ya chini ya maji kwa miwani ya kuazima, basi, roho yangu ikabaki huko.

Aliyetuokoa ni mama mkwe. Alikaa kwenye boti katikati yetu na kila neno likapitia kwake. "Mwambie asibane pumzi akipanda," mzee alisema, anatazama milima. "Umesikia? Usibane pumzi," mama akanigeukia, na mimi niko hapo hapo nimesikia vizuri kabisa. Yeye ndiye aliyekaza mikanda yangu, kisha ya mumewe, akatusomea na geji. "Mmenifanya simu," alilalamika, "na vocha hamniwekei."

Ghuba ya hifadhi imekingwa na kisiwa, mawimbi makubwa hayaingii, na kwa kuwa nyavu zimekatazwa samaki hawamkimbii mtu. Niliwaona samaki wakubwa, kuhe, dume na jike, wakilinda watoto wao juu ya mchanga, na mzee akaniashiria nikae mbali nisiwasumbue. Nilifurahi hadi nikaogopa furaha yenyewe. Huku Ufipa upepo wa Juni unapasua midomo, mtu unatembea umejikunyata ndani ya koti. Kule nilikuwa mwepesi, sina mzigo kichwani wala mgongoni, ingawa mtungi nilikuwa nao.

Siku moja mama mkwe alishikwa na homa, hakuja. Mwendesha boti alikuwa mgeni, hajui mambo ya mitungi. Tukavaa tumepeana mgongo, kila mtu na vyake. Nilijua tunatakiwa kukaguana, naye alijua kuliko mimi. Lakini nani aanze? Nilisimama na mikono yangu, sijui niiweke wapi. Mzee akakohoa kidogo, akatazama pembeni, tukaruka. Kumbe alikuwa amefunga mtungi wa jana, uliobaki na hewa kidogo tu, na macho yake hayauoni tena mshale mdogo wa geji.

Tulikuwa chini kabisa kwenye mawe nilipoona mapovu yake yamekoma. Akanigeukia, macho yamemtoka nyuma ya kioo, akapitisha mkono shingoni: hewa hakuna. Tulikuwa karibu. Angenyoosha mkono tu, angechukua kipumulio changu cha akiba, kile kinachoning'inia kifuani. Kifuani kwa mkwewe! Mkono ulianza kuja, ukarudi. Akageuza uso, akaanza kupanda peke yake, na kwa kina kile asingefika.

Loo, hasira iliyonipanda! Nilimdaka mguu, nikamvuta chini kama mbuzi anayegomea kamba, nikamkumbatia, nikamsokomezea kipumulio mdomoni kwa mkono wangu mwenyewe. Akapaparika. Kisha akavuta pumzi, akavuta nyingine. Tukapanda polepole, uso kwa uso, tunapumua mtungi mmoja.

Tulipoibuka nilitema kipumulio changu nikafoka. "Baba! Yaani ulikuwa unakwenda kufa, na mimi niko pale pale?"

Akakohoa maji. Midomo ilikuwa imepauka.

"Kipumulio chako nilikiona," akasema. "Niliona aibu."

Nilitaka kufoka tena. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba bado nimemshika kiunoni, mchana kweupe, na boti inakuja, na yule mwendesha boti amesimama anatukodolea macho. Nikaanza kulegeza mkono.

"Usiniachie, mwanangu," mzee akasema, ananitazama usoni. "Miguu imekwisha nguvu."

Nikamshika kwa mikono yote miwili.