Michezo ya Kila Umri

Nimefanya kazi katika meli za watalii za kampuni tatu. Mtu akiniuliza ipi ina burudani nzuri, namuuliza kwanza: unasafiri na nani, na ana miaka mingapi?

Kampuni ya kwanza ilikuwa ya familia. Watoto waligawanywa kwa umri: wa miaka mitatu hadi mitano walikuwa na chumba chao, wa sita hadi minane chao, wa tisa hadi kumi na miwili chao. Vijana nao walikuwa na chumba chenye mlango ambao mtu mzima hapiti bila kubisha hodi na kungoja. Kampuni ya pili ilikuwa ya wazee: karata, kufuma, mihadhara kuhusu kisiwa tutakachokiona kesho, na dansi ya polepole baada ya chai ya alasiri. Ya tatu ilikuwa meli kubwa ya makelele. Ilikuwa na mabomba ya kutelezea majini, ukuta wa kupanda kwa kamba, na uwanja wa barafu uliokuwa baridi kuliko Shume, kule kwetu milimani, mwezi wa saba. Mle kila umri ulikuwa na cha kufanya tangu asubuhi, na ndiyo meli ambayo nilisikia watoto wakilalamika zaidi kwamba wamechoka kukaa bure.

Kazi yangu ilikuwa kuchezesha watu. Mara ya kwanza nilipoieleza nyumbani Mgwashi, kaka yangu aliacha kula.

"Yaani unalipwa kurusha mpira na watoto wa watu?"

"Nalipwa, kaka."

"Basi hapa tuna watoto tele. Wachezeshe bure, tuone kama utadumu."

Sikudumu. Mke wangu alifariki binti yetu akiwa na miaka miwili, na mtoto nikamwacha kwa kaka na shemeji. Nilisema nakwenda mkataba mmoja tu, miezi minane. Ningependa kuandika kwamba shida ndiyo iliyonirudisha baharini mwaka hadi mwaka, lakini kaka alikuwa na bustani ya kabichi na karoti na aliniita mara nyingi tulime pamoja. Nilikuwa nikikaa nyumbani wiki mbili, miguu inaanza kuwasha. Nikiwa melini niliukumbuka ukungu wa Mgwashi, na nikiwa Mgwashi niliukumbuka mngurumo wa injini chini ya kitanda.

Mwaka huu nilirudi kumwozesha binti huyo. Kwa dini yetu baba ndiye walii wa bintiye. Ndiye anayeshika mkono wa bwana harusi mbele ya mashahidi na kutamka kwamba amemwozesha. Nilikuwa nimeyarudia maneno hayo chumbani melini usiku baada ya usiku, mpaka mwenzangu wa kitanda cha juu, Mfilipino, akayajua kwa kichwa. Mambo mengi ya baba nilikuwa nimeyakosa. Hili moja nilijiambia sitalikosa.

Zamani, kabla kila kitu hakijahamia kwenye simu, abiria waliletewa kila jioni karatasi ya ratiba ya kesho: saa ngapi kuna nini, kwa umri gani, ghorofa ya ngapi. Nilizikusanya na kumpelekea binti yangu nilipokuja likizo. Alizitumia kujalidia madaftari. Darasa la tatu alikuwa tayari akizisoma kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, na akaanza kuzilinganisha kampuni zangu kama mtu mwenye tiketi mkononi.

"Baba, hii ya wazee hapana," aliniambia siku moja. "Watoto hawana hata mstari mmoja. Ile ya kwanza ina kuchora nyuso na kutafuta hazina. Mimi nina miaka minane. Tukienda mwaka huu nitaingia chumba cha pili. Tukichelewa nitaingia cha tatu, na cha tatu hakuna hazina."

"Tutakwenda," nilisema.

Haikuwa ahadi ya uongo. Mfanyakazi aliyemaliza mikataba kadhaa aliruhusiwa kumleta mtoto wake kwa safari moja. Ilihitajika pasi ya kusafiria na mtu wa kumfikisha bandarini. Nilikuwa nikisema mwakani. Akaingia chumba cha tatu, akatoka. Kila likizo nilimkuta amezungushia kalamu kitu kingine kwenye ratiba: upishi wa keki, sarakasi, filamu ya sitahani chini ya nyota. Halafu likizo moja nikakuta madaftari yamejalidiwa kwa karatasi za kaki.

Likizo nyingine nilitaka kufidia. Niliwakusanya watoto wa jirani uani kwa kaka, nikawafanyia mambo yote ya kampuni ya kwanza: nikawachora nyuso kwa masizi na unga, nikaficha maembe sita kwenye migomba yawe hazina. Watoto walipiga kelele za furaha hadi wanawake wakatoka mashambani kuchungulia. Binti yangu alikaa kizingitini muda wote, mikono mapajani.

"Njoo," nilimwambia.

"Naangalia tu," alisema. "Nilitaka kuona kazi yako ikoje."

Wakati wa korona meli zilipotia nanga, nilikaa nyumbani miezi saba, na sijawahi kukaa zaidi ya hapo. Alikuwa na umri wa kile chumba cha vijana. Nilikuwa nikibisha mlangoni kwake na kungoja, kama tulivyofundishwa kazini. Melini ilikuwa mbinu nzuri. Ukingoja kwa subira, mlango hufunguka. Nilipoanza kusikia anacheka chakula cha jioni kikiliwa, meli zikaita, nikaenda.

Kwa hiyo mwaka huu, siku mbili kabla ya ndoa, nilimkuta asubuhi nyuma ya nyumba akichagua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

Hakuinua macho. "Baba, kuna jambo. Sheikh amesema walii ni wewe."

"Najua. Nimejiandaa."

"Amesema pia unaweza kumpa mtu uwakala, akuozeshee." Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa mbali. "Naomba umpe tate."

Tate ni baba kwa Kishambaa, neno la nyumbani, la mtoto anayeamka usiku na kuita. Hivyo ndivyo alivyomwita kaka yangu tangu alipojua kusema. Mimi aliniita baba, kwa Kiswahili, kama anavyoitwa mgeni wa heshima.

"Una hasira na mimi?"

"Sina, baba. Ningekuwa na hasira nisingekuomba, ningekwenda kwa sheikh nikalia." Sasa aliniangalia. "Lakini binti hutolewa nyumbani. Kwako sijawahi kukaa."

Nilimwambia sawa. Ndilo jambo pekee aliloniomba ambalo nililitimiza siku ileile.

Siku ya ndoa wanaume tulikaa kwenye mikeka sebuleni kwa kaka. Mbele ya sheikh na mashahidi nilisema nimempa kaka yangu uwakala wa kumwozesha binti yangu. Kaka alikohoa, akaniangalia muda mrefu. Kisha akapiga mkeka kwa kiganja, hapo kando yake, nisogee.

Uani watoto walikuwa wakikimbizana na kupiga masufuria. Shemeji alitoa kichwa dirishani. "Nyie! Mtamtoa sheikh roho!" Hawakumsikia. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akacheka. "Si yupo hapa fundi wa michezo ya melini? Atutulizie hao." Watu wakacheka naye, bila ubaya.

Hakuna aliyenilazimisha. Kaka alitikisa kichwa: kaa. Lakini nilikuwa nimekwisha kusimama. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu ni lilelile la wiki mbili nyumbani: miguu iliwasha.

Niliwapanga kwa umri, wadogo mbele, kama nilivyozoea. Nikawapa mchezo tuliokuwa tukiwachezesha watoto nahodha anapotaka kutangaza: kila mmoja anashika midomo, atakayetoa sauti wa kwanza ameshindwa, anakwenda kukaa ukutani. Unafaa umri wowote. Watoto ishirini wakanyamaza ghafla, na uwanja wote ukatulia hadi nikasikia kuku akiparua chini ya migomba.

Ndipo sauti ya kaka yangu ikapita dirishani, nzito. Maneno yalikuwa yaleyale niliyoyarudia chumbani melini. Aliposema jina la binti yangu akasita, akaendelea. Bwana harusi akajibu kwamba amekubali.

Mbele yangu alikuwa amesimama mtoto wa kike wa miaka saba au minane, wa chumba cha pili, midomo ameibana kwa vidole viwili. Alininyooshea kidole.

"Wewe umetoa sauti," alisema. "Umeshindwa."

Wenzake wakamwambia na yeye amesema. Akabisha kwamba mimi ndiye niliyeanza, na kweli nilikuwa nimeanza, nikiyafuatisha maneno ya kaka. Nikaenda kukaa ukutani.